Kuiuliza Ardhi Kabla ya Kujenga

(Hotuba iliyosomwa ukumbini siku ya kukutana kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumzie kazi yangu, kisha akaongeza kwamba nisiwachoshe. Nitajitahidi kuyatii yote mawili. Kazi yangu ni uhandisi wa udongo. Watu wakisikia hivyo hudhani kuwa mimi ni bwana shamba. Bwana shamba huuliza udongo utaotesha nini. Mimi huuliza udongo utabeba nini, na ukishabeba utashuka kiasi gani, na kwa muda gani. Leo nitazungumzia swali hilo la mwisho tu, yaani jinsi tunavyokadiria kushuka kwa udongo wa mfinyanzi pale tunapoutwisha mzigo kwa makusudi kabla ya kujenga. Wanafunzi wa hesabu wachukue kalamu, maana nitawahitaji.

Tuanze na udongo wenyewe. Mchanga kila mtu anaujua: ukiumwagia maji yanapita mara moja, na ukiutwisha mzigo unakaa papo hapo. Udongo wa mfinyanzi ni mwingine. Chembe zake ni ndogo kuliko sehemu mbili za elfu za milimita, hazionekani kwa jicho, na pale ardhi inapokuwa chini ya kina cha maji, nafasi zote kati ya chembe hizo zimejaa maji. Katika mfinyanzi laini wa mabondeni na wa kando ya bahari, si ajabu kukuta kwamba katika kila lita 1,000 za ardhi, lita 600 ni maji na 400 tu ndizo udongo. Anayejenga hapo anajenga juu ya maji zaidi kuliko juu ya udongo.

Sasa weka mzigo juu yake. Maji hayabonyei. Kwa hiyo siku ya kwanza karibu mzigo wote hubebwa na maji, na ardhi haishuki sana. Kisha maji yale, yakiwa yamebanwa, huanza kutafuta njia ya kutoka, na njia yenyewe ni nyembamba mno. Kila tone linalotoka huacha nafasi, chembe husogeleana, na ardhi hushuka kwa kiasi kilekile cha maji yaliyotoka. Mama zetu wanayajua haya jikoni. Nazi iliyokunwa ukiitia kwenye kifumbu na kuikamua, tui halitoki lote kwa mkupuo mmoja, hata ukiwa na nguvu za simba. Hutoka kadiri unavyoendelea kukaza, na machicha hupungua kadiri tui linavyotoka. Tofauti ni kwamba kifumbu huchukua dakika, na ardhi huchukua miaka. Kushuka huku ndiko ninakokuita mtitio.

Mtaniuliza, je, kuna ubaya gani ardhi ikititia? Ikititia sawasawa pande zote, pengine hakuna ubaya mkubwa. Lakini mara nyingi haititii sawasawa. Upande mmoja wa jengo hushuka sentimita 20, wa pili sentimita 5, na hapo kuta hupasuka, milango hukataa kufunga, na mabomba ya maji machafu hukatika chini kwa chini pasipo mtu kujua. Wengi wenu mmeyaona haya barabarani. Gari likikaribia daraja hudunda kwa kishindo, abiria wa nyuma wakagonga vichwa. Daraja limesimama juu ya nguzo zilizofika kwenye mwamba, hivyo halikushuka. Tuta la barabara linaloliendea lilijengwa juu ya tope, nalo limeendelea kushuka miaka mingi baada ya utepe kukatwa. Kishindo kile ni mtitio ambao ulipaswa kumalizika kabla ya lami kumwagwa.

Aliyetupa hesabu ya jambo hili ni Karl Terzaghi, mhandisi aliyezaliwa Prague mwaka 1883. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alipelekwa Istanbul kufundisha, na huko ndiko alikoanza kupima udongo kwa vifaa vya kuokoteza na vya kujiundia. Alichukua kipande cha mfinyanzi, akakifunga ndani ya pete ya chuma ili kisitanuke pembeni, akaweka mawe yapitishayo maji juu na chini, kisha akakitwisha uzito kidogo kidogo huku akisoma kimeshuka kiasi gani na baada ya muda gani. Mwaka 1925 alitoa kitabu huko Vienna, na toka hapo elimu ya udongo ikawa sayansi yenye hesabu. Nawatajia habari hii vijana kwa sababu nasikia mnanung'unikia uhaba wa vifaa vya maabara. Mnayo haki ya kunung'unika. Lakini kumbukeni kwamba kifaa kile kilichoanzisha elimu nzima kingeweza kutengenezwa na fundi chuma yeyote mwenye bidii, na hata leo maabara za udongo duniani kote zinatumia mtindo uleule.

Sasa tuje kwenye ubao. Tuseme tuna tabaka la mfinyanzi laini lenye unene wa mita 6. Juu yake na chini yake kuna mchanga. Katikati ya tabaka hilo udongo umekwisha kuzoea uzito wa tani 2 kwa kila mita ya mraba, ambao ni uzito wa ardhi yenyewe. Sisi tunataka kuinua kiwanja kwa kifusi cha mita 2. Kifusi cha mita moja kina uzito wa tani 2 hivi kwa mita ya mraba, basi tutaongeza tani 4, na jumla itakuwa 6. Maabara imepima sampuli, ikatuambia kwamba udongo huu hupungua asilimia 20 ya unene wake kila uzito unapoongezeka mara kumi.

Uzito wetu haukuongezeka mara kumi, umeongezeka mara tatu, kutoka 2 hadi 6. Hapa ndipo zile logi mlizokuwa mkiuliza zina faida gani zinapopata kazi. Logi ya 3 ni 0.477. Zidisha mita 6 kwa 0.20, kisha kwa 0.477. Jibu ni mita 0.57. Yaani kiwanja chetu kitatitia sentimita 57, karibu urefu wa mkono wa mtu mzima. Hilo ndilo kadirio la kiasi.

Kadirio la muda ni gumu zaidi. Kanuni ya Terzaghi inasema kwamba muda hukua kwa kipeo cha pili cha umbali ambao maji yanasafiri kutoka. Umbali ukiwa mara mbili, muda ni mara nne. Ukiwa mara tatu, muda ni mara tisa. Katika mfano wetu maji yana milango miwili, juu na chini, hivyo tone lililo mbali zaidi linasafiri mita 3. Kwa mfinyanzi wa kawaida wa aina hii, asilimia 90 ya mtitio itachukua kama miaka saba na nusu. Kama chini kungekuwa na mwamba usiopitisha maji, umbali ungekuwa mita 6, na muda ungekuwa miaka 30. Tazameni basi: tabaka la mchanga lenye unene wa shubiri moja, ambalo mtoboaji asiye makini anaweza kulipita bila kuliandika, linatofautisha miaka saba na miaka thelathini.

Hakuna mwenye mali atakayekubali kungoja miaka saba. Ndipo wahandisi wakabuni kuitwisha ardhi mzigo wa kutangulia. Badala ya kifusi cha mita 2 tunachohitaji, tunaweka mita 4. Uzito katikati ya tabaka unakuwa tani 10, yaani mara tano ya ule wa mwanzo. Logi ya 5 ni 0.699, na mtitio wa mwisho chini ya mzigo huo ungekuwa sentimita 84. Lakini hatuna haja ya kuungoja wote. Tunangoja hadi ardhi ishuke zile sentimita 57, ambazo ni asilimia 68 ya 84, kisha tunauondoa ule mzigo wa ziada. Ardhi imekwisha kulipa deni lake lote la jengo litakalokuja. Kwa mzigo huu mkubwa muda unapungua kutoka miaka saba na nusu hadi karibu mitatu na nusu.

Hiyo bado ni mingi, kwa hiyo tunafupisha na safari ya maji. Tunatoboa mapito ya wima ndani ya mfinyanzi, karibu karibu, ili tone lisilazimike kupanda mita 3 bali liende pembeni nusu mita tu likute mlango. Zamani mapito hayo yalikuwa mashimo yaliyojazwa mchanga. Katika miaka ya 1930 Mswidi mmoja, Walter Kjellman, alianza kutumia utepe wa karatasi ngumu wenye vijifereji ndani, unaochomekwa ardhini kwa mashine kama sindano inavyopitisha uzi. Siku hizi utepe ni wa plastiki uliovishwa kitambaa cha kuchuja, lakini wazo ni lilelile. Tukiuchomeka kila baada ya mita 1.2 katika kiwanja chetu, hesabu inatuambia tungoje miezi sita au saba tu.

Waswidi hawakuishia kwenye hesabu. Mwaka 1957, mahali paitwapo Skå-Edeby, karibu na Stockholm, ambapo palifikiriwa kujengwa uwanja wa ndege, walirundika matuta ya majaribio ya mviringo juu ya mfinyanzi laini. Mengine waliyawekea mapito ya mchanga, na moja hawakuliwekea kitu. Uwanja wa ndege ulikwenda kujengwa kwingine, lakini watu wa udongo hawakuondoka. Waliendelea kulipima lile tuta lisilo na mapito kwa zaidi ya miaka 40, na lilikuwa bado linatitia. Wapimaji wa kwanza walistaafu, wakaja wengine wakaendeleza daftari lilelile. Nawaheshimu sana watu wale, kwa maana daftari hilo limewafundisha wahandisi wa nchi nyingi.

Kaka zangu, hapa nafika kwenye kiini cha maneno yangu. Zile sentimita 57 na 84, na ile miezi sita au saba, zimetoka wapi? Zimetoka kwenye kipande cha udongo kilichoenea kiganjani. Tulikitoa mahali pamoja katika kiwanja chenye hekta nyingi, tukakisafirisha kwenye lori lililorukaruka njia nzima, tukakikata kwa waya, tukakipima kwa siku chache. Hata kazi hiyo ikifanywa kwa uangalifu wote, mhandisi mwenye haya hawezi kuliita jibu lake ahadi. Kadirio ni swali ambalo tumeliandika vizuri. Mwenye jibu ni ardhi yenyewe, nayo hulitoa baada ya mzigo kuwekwa.

Ardhi hulitoa jibu hilo hivi. Kabla ya kumwaga kifusi tunalaza mabamba ya chuma juu ya udongo wa asili, kila bamba limesimamishiwa fimbo inayotokeza juu ya kifusi. Kila wiki mpima huja na leveli yake, akasoma fimbo imeshuka kiasi gani, akaandika. Mwaka 1978 mhandisi wa Kijapani, Akira Asaoka, alionyesha namna rahisi ya kuyasoma maandishi hayo. Kama vipimo vimechukuliwa kwa vipindi vilivyo sawa, na mzigo haukubadilika, basi kila kipindi ardhi hushuka kwa sehemu ileile ya ilivyoshuka kipindi kilichotangulia. Ukiijua sehemu hiyo, unaujua mwisho.

Turudi ubaoni kwenye kiwanja chetu cha mfano. Tuseme mwezi wa kwanza kimeshuka sentimita 24, mwezi wa pili 18, na mwezi wa tatu 13.5. Vijana, gaweni 18 kwa 24. Kisha gaweni 13.5 kwa 18. Mmepata robo tatu, mara zote mbili. Mwezi wa nne basi tunatazamia robo tatu ya 13.5, na kuendelea hivyo bila kikomo. Jumla ya mfuatano huo ni 24 kugawanya kwa robo moja, yaani sentimita 96. Sisi tulikadiria 84. Ardhi inasema 96.

Angalieni sasa mtego ulipo. Mwisho wa mwezi wa tatu jumla ni sentimita 55.5. Msimamizi ana karatasi yenye namba 57. Siku chache baadaye ardhi inafika 57, naye anashangilia kwamba kazi imekwisha mapema kuliko ile miezi sita, anaagiza malori yaje kuondoa mzigo. Lakini ile 57 ilikuwa asilimia 68 ya 84. Kama mwisho ni 96, asilimia 68 yake ni zaidi ya 65, na hapo tutafika mwisho wa mwezi wa nne. Akiondoa mzigo kwa kufuata karatasi, ameacha sentimita 8 ndani ya ardhi, nazo zitadaiwa baadaye na jengo. Wala hapana aliyeiba wala kusema uongo. Kosa lote ni kuamini kadirio la jana wakati jibu la leo limekwisha kuandikwa daftarini.

Ndiyo maana nasema mtu muhimu kuliko wote katika kazi hii ni yule anayeshika leveli na daftari. Niwape habari moja. Miaka mingi iliyopita niliitwa kwenye kazi ya kuandaa kiwanja cha maghala kando ya hori la bahari, juu ya tope la mikoko. Mzigo ulikuwa umewekwa miezi kadhaa kabla sijafika. Nilipewa mchoro wa vipimo, na mchoro ulipendeza: mstari ulishuka, ukalegea, kisha ukalala karibu sawa kabisa. Mkandarasi alitaka saini yangu ili aondoe kifusi. Akaniambia, "Mhandisi, mimi nalipia mashine kwa siku, wewe unalipwa kwa mwezi." Alisema kweli, na sikuwa na la kumjibu.

Palikuwa na kijana mmoja aliyekuwa akisoma leveli. Alikuwa amemaliza kidato cha nne tu, na elimu ya upimaji aliipata kazini. Alinijia jioni, akaniamkia, akasema, "Mzee, kuna kitu sikielewi. Mirija ya kupimia maji bado inaonyesha maji yamepanda juu. Kama maji hayajatoka, ardhi imeachaje kushuka?" Nilimwambia swali lake ni zuri kuliko mchoro wangu. Tukatafuta pamoja. Vipimo vyote vilikuwa vinalinganishwa na nguzo ya zege iliyosimikwa karibu na lango, ambayo ilichukuliwa kuwa haisogei. Kando ya nguzo hiyo palikuwa pamerundikwa kifusi cha akiba. Kesho yake tulibeba leveli kituo kwa kituo, zaidi ya kilomita moja, hadi kwenye mwamba wa matumbawe, tukarudi kwa njia ileile kuhakikisha. Nguzo ilikuwa imetitia sentimita 11. Fimbo zilikuwa zinashuka, na jicho lililozitazama lilikuwa linashuka pamoja nazo.

Saini haikutoka. Tulingoja wiki nyingine tisa, tukipima kutoka mwambani. Mkandarasi alikasirika, mwenye mali alikasirika zaidi, na yule kijana aliulizwa mara nyingi kwa nini hakuweza kuandika tu kwamba ardhi imetulia kama kila mtu alivyotaka. Hakupigiwa makofi na mtu. Maghala yale yalijengwa, na nilipopita mara ya mwisho milango yake mikubwa ilikuwa ikifungwa kwa mkono mmoja. Fundi wa milango ndiye aliyesifiwa.

Msije mkadhani kwamba mambo haya yanawapata wenye vifaa duni tu. Tazameni uwanja wa ndege wa Kansai, Japani, uliojengwa juu ya kisiwa cha kutengenezwa katika Ghuba ya Osaka. Kazi ilianza mwaka 1987, mahali ambapo bahari ina kina cha mita 18 hivi. Chini ya bahari palikuwa na tabaka la mfinyanzi laini lenye unene wa karibu mita 20. Tabaka hilo walilitia nguzo za mchanga zipatazo milioni moja, nalo likakamuka upesi kama ilivyotarajiwa. Lakini chini yake kulikuwa na mfinyanzi wa kale zaidi, mamia ya mita, ambako hakuna mashine iliyoweza kuchomeka pito la maji. Mfinyanzi huo nao uliusikia uzito wa kisiwa. Uwanja ulifunguliwa tarehe 4 Septemba 1994, na hadi sasa kisiwa hicho cha kwanza kimetitia kwa wastani zaidi ya mita 13 tangu kazi ilipoanza. Bado kinashuka, ingawa kwa sentimita chache tu kwa mwaka.

Lakini jengo lake la abiria halijapasuka. Wahandisi walijua kwamba makadirio yao hayakufika chini kabisa, wakajenga kwa kulikumbuka hilo. Kila nguzo ya jengo imewekewa mahali pa kuweka jeki. Upande mmoja ukishuka zaidi, nguzo zake huinuliwa na kupachikwa mabamba ya chuma chini yake. Kuta za bahari nazo zimebidi kuinuliwa tena na tena. Mwezi Septemba 2018 kimbunga kilichoitwa Jebi kiliyavusha mawimbi juu ya kuta hizo, maji yakafunika njia ya kurukia ndege, na maelfu ya watu wakakwama kisiwani usiku kucha. Tangu hapo kuta zimeongezwa urefu. Kwa hiyo kupima mtitio hakukomi siku ya kufungua. Mahali kama hapo kunaendelea maisha yote ya jengo.

Kabla sijamaliza, niweke onyo kwa wale watakaotaka kwenda kurundika kifusi kila mahali. Dawa hii ni ya mfinyanzi laini uliojaa maji. Ule udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka nyufa za kuingiza mguu wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa masika, ni ugonjwa mwingine na una dawa nyingine. Huo huinua nyumba ya ghorofa ya chini na kuishusha kila mwaka kwa sababu ya maji yanayoingia na kutoka kwa msimu, na kuutwisha kifusi kwa miezi sita hakutaubadilisha tabia. Vilevile, mzigo wa kutangulia usiwekwe wote kwa siku moja. Mfinyanzi laini hupata nguvu kadiri maji yanavyotoka. Ukiutwisha upesi kuliko unavyokamuka, tuta lote linaweza kuteleza pembeni likafukia mashine na watu. Huwekwa kwa vipande, na kila kipande hungojwa.

Ninyi vijana, nimewaletea hesabu mbili ambazo nyote mnaziweza: logi, na mfuatano ambao kila namba ni sehemu ileile ya iliyotangulia. Hazihitaji mashine kubwa. Zinahitaji namba za kweli. Hakuna logi inayoweza kutengeneza kipimo kilichoandikwa na mtu aliyekaa kivulini bila kwenda kwenye fimbo. Mkisoma kipimajoto katika maabara ya shule, andikeni mnachokiona, hata kama kitabu kinasema kingine na jirani yako amepata jibu la kitabu. Huko mbele mtapewa madaftari mazito zaidi, na watu watalala chini ya mapaa yaliyojengwa kwa namba zenu.

Nanyi kaka zangu, wengi wenu sasa ndio wenye kutoa amri: wakurugenzi, wenyeviti wa bodi, wenye mali. Siku mhandisi atakapokuja kwenu kuomba wiki tisa zaidi, msimuulize kwanza wiki hizo zitagharimu kiasi gani. Mwambieni alete daftari. Kama namba zake zinashuka kwa mpango na mwisho wake unaonekana, mpeni wiki zake. Kama daftari halina kitu, au limeandikwa kwa wino mmoja siku moja, mfukuzeni. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, nami naongeza kwamba mvumilivu asiyepima hatajua limeiva lini.

Mwalimu Mkuu, nina ombi dogo na ahadi ndogo. Nimeleta pete tatu za chuma cha pua, mawe yake yapitishayo maji, na saa mbili za kupimia mshuko. Naomba wanafunzi wa fizikia watoe udongo bondeni, chini ya uwanja wa mpira, wautwishe matofali, na wasome kila siku kwa muhula mmoja. Wakiniletea daftari lenye siku zote, pamoja na zile siku ambazo namba zilikataa kufuata kanuni, nitalisoma mbele yenu mwakani na kulihesabu ubaoni.